Fildi ya maabara: wiki nane naosha tipu, kosa likitokea ni la "watoto wa fildi"

Wakuu, nimevumilia nimechoka, acha niseme.

Niko mwaka wa pili, biolojia ya molekuli. Mwezi wa saba nikapata fildi kwenye maabara moja ya utafiti wa mbu. Jina naliacha, logibuku yangu bado iko mezani kwao. Nilienda mbio, nyuzi 94, 55, 72 za PCR, ile mashine ya kuzidisha DNA, nimezikariri kama sala. Nikakabidhiwa beseni.

Kazi yenyewe ni kuosha tipu za pipeti, zile ncha za plastiki za kunyonyea vimiminika, ZILIZOKWISHA TUMIKA. Ndiyo, mmesoma vizuri. Loweka kwenye sabuni, suuza, anika, panga moja moja kwenye kisanduku cha matundu 96, kisha otoklevu, mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, nyuzi 121. Glovu jozi moja kwa siku: ukienda kula unazitundika kwenye mpini wa droo, ukirudi unavaa zilezile, na ndizo unazoshikia jeli ya kusomea DNA yenye ithidiamu bromaidi, rangi ya sumu inayoifanya DNA ing'ae. Kuuliza, naambiwa "sisi tulisoma hivyohivyo na tupo."

Nauli mfukoni mwangu, bumu limeingia wiki ya tano. Hayo nayaacha.

Wiki ya sita wakapima spishi za mbu. Jeli kuwekwa kwenye taa ya UV, mstari wa 315 (urefu wa kipande cha DNA), ule wa mbu Anopheles arabiensis, unang'aa mpaka kwenye tundu la maji matupu ambako hakuna aliyetia DNA. Maji yamegeuka mbu! Dokta akatugeukia sisi: "Watoto wa fildi mmechafua."

Tumechafua na nini? Otoklevu inaua bakteria, lakini DNA haiimalizi. Vipande vinabaki ndani ya tipu, na PCR ikipata chembe tu inaizidisha mara mamilioni. Nikalisema hilo kwa adabu zote, na "shikamoo" juu. Nikaambiwa nina mdomo, nikarudishwa kwenye beseni.

Sasa wananitaka niandike kwenye logibuku "nimefanya PCR na kusoma matokeo", ndipo wasaini. Pipeti nimeishika mara moja, nikiifuta vumbi! Msimamizi kutoka chuo naye alikuja siku moja, akanywa chai, akapiga picha nao, huyo akaondoka.

Ripoti mwisho Ijumaa. Mliopita fildi za namna hii, mliandika nini? Na yule wa "vumilia mdogo wangu, utamaliza", naomba apite kimya.