Ameniuliza simba anamlipa nani mshahara, kisha akaninyang'anya kipaza sauti

Kipunji wa Uyole:

Wadau, nimetoka ukumbini sasa hivi na bado ninatetemeka kwa hasira, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kwa ukali. Yule mtoa mada wetu wa kila mwaka, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa hakuna aliyesoma chuo chochote hapa Mbeya asiyeijua suti yake ya rangi ya udongo na mifano yake ambayo haijabadilika tangu enzi za mkoloni, leo ameamua kunifanya mimi kuwa mfano. Aliomba mwanafunzi mmoja asimame aeleze anasoma nini. Nikasimama, nikapewa kipaza sauti, nikasema ninasoma shahada ya kwanza ya zoolojia, mwaka wa tatu. Akaanza kucheka yeye mwenyewe, akauzungusha macho ukumbi mzima, kisha akaniuliza: "Binti, simba anamlipa nani mshahara?"

Ukumbi ukaangua kicheko ambacho nina hakika kimesikika hadi Tunduma. Jibu nilikuwa nalo, na kinywa nilikuwa nimekwisha kukifungua. Akanyoosha mkono, akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu, akamgeukia kijana wa uhasibu. Mtu anakuuliza swali mbele ya umati, halafu anaondoka na chombo cha kujibia!

Huyo simba mwenyewe mimi sijamgusa tangu nianze chuo. Niliyemgusa ni mende. Unamlaza chali kwenye sahani ya nta, unampigilia pini, unazitenganisha sehemu za kinywa chake moja baada ya nyingine kwa kibano, kisha unazichora kwa penseli iliyochongwa vizuri, kwa mistari isiyokatika na bila kutia kivuli, kila kiungo kikiwa na jina lake pembeni. Ukitoka hapo unaingia kwenye minyoo, kwenye embriolojia, kwenye takwimu ambazo zimewaliza watu wazima, na harufu ya fomalini inakufuata hadi kwenye daladala, ambako abiria wanakuachia kiti chote peke yako.

Na kwa kuwa kila mtu anajua kwamba Ijumaa jioni bwana huyu hakosekani kwenye kitimoto, angeniachia kile kipaza sauti ningeanza na tegu wa nguruwe. Lava wake, yaani watoto wake ambao hawajakomaa, hukaa kwenye misuli ya nguruwe wakiwa kama malengelenge madogo meupe, na anayekula nyama hiyo bila kuiva vizuri hupata tegu tumboni. Kubaya zaidi ni pale mtu anapoyameza mayai ya tegu kupitia mikono michafu au mboga zisizooshwa, kwa sababu hapo malengelenge hujijenga ndani ya mwili wake yeye, hata kwenye ubongo, na wapo wanaoishi na kifafa kwa sababu hiyo huku majirani wakisema wamerogwa. Mzunguko huo hauwezi kukatwa na watu wasioujua, nasi tunausoma hatua kwa hatua, yai, lava na mnyoo mzima, hadi tunauota usiku.

Ningemweleza pia kuhusu mlima anaouona kila akipita Tukuyu. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Rungwe, baada ya kusikia masimulizi ya wawindaji wa Kinyakyusa, walimwona kipunji, kima ambaye sayansi haikuwa ikimjua: manyoya marefu ya kahawia yanayofaa kwa baridi ya kule juu, uso mweusi, kishungi kilichosimama utosini, na mlio unaofanana na honi. Mwaka 2005 alitangazwa kwa dunia, na mwaka 2006 kipunji akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la spishi zenye undugu wa karibu, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima barani Afrika tangu mwaka 1923. Jina la mlima wetu limo katika vitabu vya zoolojia vya dunia nzima, na mtu anayeishi chini ya mlima huo ananiuliza habari za mshahara wa simba na kuninyang'anya kipaza sauti. Nilikuwa nimefungua kinywa, wadau. Kinywa kilikuwa wazi!

Nataka kujua ni nani anayemwalika kila mwaka. Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Mwanjelwa:

Pole sana, binti yangu. Mimi nilisoma misitu, na bwana huyohuyo, akiwa ndani ya suti hiyohiyo, aliniuliza kama mti unalipa kodi. Ukumbi ulicheka vilevile. Kwangu mimi hakutoa hata kipaza sauti, kwa hiyo wewe umeheshimiwa.

Mhasibu Mtarajiwa:

Mimi ndiye yule kijana wa uhasibu, na ninapenda kuweka kumbukumbu sawa. Mleta uzi hakuwa amefungua kinywa ili ajibu, alikuwa amekiacha wazi tu. Kipaza sauti kilikaa kwake muda ambao mtu angeweza kusoma mizania ya kampuni nzima, lakini hakikutoka kitu. Isitoshe, nimeusoma uzi wote na bado sijaona mshahara. Nimeona mende, tegu na kima.

Kipunji wa Uyole:

Ndugu Mhasibu, wewe ulipewa kipaza sauti kilichokuwa bado na joto la mkono wangu, na hukuwa na ustaarabu wa kusema "mwenzangu hajamaliza." Alininyang'anya. Watu walioketi safu za mbele wameona.

Dereva wa Msembe:

Swali lenyewe ni jepesi na linajibika. Mimi napeleka wageni Ruaha kutokea Iringa mjini. Hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kupanda gari langu bila kuuliza kama tutamwona simba, na siku tukimkosa nyuso zinabadilika hadi wakati wa kulipa. Ada ya hifadhi, mafuta, mpishi wa kambi, fundi wa matairi pale mjini, vyote hivyo analipa simba. Mwambieni aje nimwoneshe orodha ya watoto wanaosoma kwa fedha ya simba.

Binti Mufindi:

Ningekuwa mimi, nisingejibu kwa simba wala kipunji. Ningejibu kwa chura. Vyura wa Kihansi waligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, katika safu ya Udzungwa, na hawakupatikana mahali pengine popote duniani, kwa kuwa waliishi kwa manyunyu ya maporomoko yale peke yake. Majike yao hayatagi mayai, huzaa watoto. Bwawa la umeme lilipoanza kuyachukua maji, manyunyu yakapungua mno, kisha ukaja ugonjwa wa kuvu, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Wamebaki kwa sababu baadhi yao walikuwa wamepelekwa kutunzwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani, na kuanzia mwaka 2012 wakarudishwa korongoni. Umeme wa Kihansi unaingia gridi ya taifa, na kile kipaza sauti hakikuwa kikiwaka kwa mate.

Mganga wa Mifugo:

Naunga mkono hasira ya mleta uzi, lakini mipaka iheshimiwe. Nguruwe anapokaguliwa machinjioni, mkaguzi ni mtu wa mifugo, si mtu wa zoolojia. Kila mwaka zoolojia inatuchukulia tegu wetu na kuondoka naye.

Kipunji wa Uyole:

Hakuna aliyemchukua tegu wa mtu. Tafadhali turudi kwenye kipaza sauti.

Mtu wa Vinasaba:

Ninaomba kuongeza jambo dogo kabla hatujarudi. Vinasaba vinaonesha kwamba kipunji ana undugu wa karibu na nyani, na ndiyo sababu hakubaki katika jenasi aliyowekwa kwanza mwaka 2005. Mleta uzi ameliruka jambo hilo, nalo ndilo tamu kuliko yote.

Orkidi wa Kitulo:

Ninyi wa zoolojia mnaulizwa kuhusu simba, mshukuru Mungu. Sisi wa botania hatuulizwi chochote, kwa kuwa watu hawajui kama tupo. Hifadhi ya Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua, siyo kwa ajili ya wanyama wenu, na viazi vya orkidi vilikuwa vikichimbwa huko na kuvushwa hadi Zambia kutengenezewa chikanda, chakula cha huko kinachopikwa kwa viazi hivyo. Nani amewahi kumpa mtu wa botania kipaza sauti?

Mzee wa Mwanjelwa:

Misitu pia.

Hadubini Moja:

Mnagombania kipaza sauti wakati sisi tunagombania hadubini. Darasa letu lote lina hadubini moja inayofanya kazi, nayo kioo chake cha kukuzia mara mia kina mkwaruzo katikati, kwa hiyo kila mtu amechora protozoa mwenye mstari mgongoni, na mwalimu akatukata maksi kwa kuchora kitu ambacho hakipo. Kwangu hilo ni tusi kubwa kuliko la ukumbini.

Binti Mufindi:

Huo mkwaruzo naufahamu, dada. Nami niliuchora, nikauandikia jina pembeni.

Mhasibu Mtarajiwa:

Uliuandikia jina gani?

Binti Mufindi:

Flajela, ule mkia ambao baadhi ya protozoa huogelea nao. Nikapewa nusu maksi.

Fildi Bila Fedha:

Wadau, hayo ya hadubini yana nafuu, kwa sababu angalau mko ndani na kumekauka. Sisi fedha ya fildi haijaingia hadi leo, na jumatatu tunatakiwa tuwe Isyonje na mitego ya panya, mahema na viatu vya mvua. Wenye nyumba wamekwisha kuambiwa kwamba tunaondoka. Je, kuna mwenye taarifa zozote kuhusu fedha hiyo?

Hadubini Moja:

Orodha ya kusaini imebandikwa leo mchana, lakini majina yanaishia herufi M.

Fildi Bila Fedha:

Langu linaanza na N. Mwenye viatu vya mvua namba 41 vya kuazima aniandikie faragha.