PLAXIS au GEO5 kwa besimenti? Nisaidieni, mwezi unaisha

MwanaTudor: Assalaam aleikum wahandisi. Ofisi yetu ni watu wanne na mkubwa amekubali tununue programu moja tu ya hesabu za udongo. Nimejaribu PLAXIS 2D na GEO5. Ya kwanza ni moto, lakini bei ni dola, na dola zenyewe nyingi. Ya pili unanunua moduli unazozihitaji tu, na siku ya pili nilikuwa nishaizoea. Kazi ya kwanza ni besimenti. Mngechukua ipi?

Jabali: Kina gani? Udongo gani? Maji yako wapi? Jirani ana nini? Umechimba mashimo mangapi ya kupima udongo? Unauliza bei ya samaki na hujasema ni papa au dagaa.

MwanaTudor: Niwieni radhi. Mita 6, kisiwani Mombasa, matumbawe. Mashimo 2. Maji ripoti haikuyataja.

Jabali: Mawili! Yakhe, matumbawe yana mapango. Hapa unagonga jiwe mita ya 3, hatua tano pembeni ni mchanga mtupu. Na bamvua likija bahari yetu hupanda karibu mita 4, maji ya chini nayo hufuata. Pango ambalo hukulichimba, programu italijuaje? Hizo dola chimbieni mashimo.

BiSaruji: Kaka Jabali, kila uzi wewe ni mashimo tu. Swali ni programu. Chukua PLAXIS. Hesabu za usawazo za GEO5 zitakwambia ukuta umesimama au umeanguka, basi. Elementi za PLAXIS, yaani udongo uliokatwa vipande vidogo kwenye kompyuta, zitakuonyesha nyumba ya jirani itazama milimita ngapi, na jirani akienda kortini hizo milimita ndizo zitakazosomwa.

Kokoto: GEO5 nayo ina moduli ya elementi, dada.

BiSaruji: Inayo. Nimeitumia. Nimerudi PLAXIS.

MzeeMiritini: Vijana, mimi yamenikuta. Tulikata mteremko kwenye mwamba-tope wa huku kwetu Miritini. Kijana wetu, hodari kweli wa kompyuta, akachukua namba za msuguano kitabuni, akaingiza mteremko kama mkavu, akapata kipimo cha usalama 1.5; chini ya 1 ni kuanguka. Ripoti nene, picha za rangi kama kanga. Nikaitia sahihi, na hilo ni langu. Ikaja masika. Mwamba ule ukinywa maji hulainika ukawa kama sabuni. Asubuhi tukakuta ua na tangi la maji viko chini barabarani, bahati hakukuwa na mtu. Nilikaa na kalamu, njia ya Bishop ya 1955 ya kukokotoa mteremko, nikatia maji na namba za mwamba uliolainika: chini ya 1. Saa mbili tu, pamoja na chai.

Mdogo_Eng: Kwani si kuna programu za wizi, zile zilizovunjwa kufuli, unauziwa na flashi kwa elfu tatu?

Kokoto: Mteja akikuomba leseni utamwonyesha flashi?

Jabali: BiSaruji, elementi zako zilikuwapo Nicoll Highway, Singapore, Aprili 2004. Shimo la ujenzi la zaidi ya mita 30 likaporomoka, watu 4 wakafa. Udongo laini wa bahari uliingizwa kwenye programu kwa njia iliyoupa nguvu usiyokuwa nayo.

BiSaruji: Na viungo vya mihimili vilikuwa dhaifu pia, malizia hadithi. Lile ni tope la bahari. Huyu ana matumbawe.

Jabali: Leo. Kesho atapewa kazi Dongo Kundu kwenye mikoko.

Kokoto: Jina dongo kundu, yaani udongo mwekundu, ukichimba pwani yake tope jeusi. Aliyeliita hivyo alipita kwa juu.

MzeeMiritini: Juu huko ni jekundu kweli. Mimi nimezaliwa huko.

Mdogo_Eng: Laptopu ya RAM 8 itabeba PLAXIS?

BiSaruji: 2D itabeba. Ya 3D utapikia chapati juu yake.

MwanaTudor: Nimemsomea mkubwa uzi huu. Sasa anauliza shimo moja la mita 15 ni bei gani. Programu haitaji tena. Kuna mwenye kumjua mtu wa mtambo wa kuchimba anayepatikana wiki hii?

Kokoto: Angalia inboksi.