Ligi ya maveterani Kigoma: zawadi ya pesa ibaki au iondoke?

Mleta mada, Mwanga

Wakuu, salaam. Kuna jambo linaninyima raha, naomba tulijadili kabla ya kikao cha ligi yetu ya maveterani. Limeletwa pendekezo la kuongeza pesa ya bingwa na kushusha umri wa wachezaji kutoka miaka 35 hadi 28. Mimi napinga yote mawili, na sababu zangu ziko kwenye historia ya ligi yenyewe.

Tulioianza tunakumbuka. Tulikuwa watu wa reli, wa bandarini, walimu wawili watatu, mafundi wa boti na wavuvi wa Kibirizi. Mpira ulikuwa mmoja, ukipasuka tunarudi nyumbani. Ratiba hatukupanga kwa tarehe, tulipanga kwa mwezi wa angani. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, wavuvi hawaingii ziwani, basi wiki ya mbalamwezi ndiyo ilikuwa wiki yetu ya mechi. Anayekosa kiatu anacheza peku na hakuna wa kumkanyaga. Mtu mwenye kitambi alikuwa anapata namba kama wengine, kwa sababu kilichotuleta uwanjani kilikuwa kuonana.

Halafu pesa ikaingia. Mfadhili mmoja alitoa bahasha kwa nia njema kabisa, simlaumu. Msimu uliofuata kila timu ilikuwa na mamluki wanne, vijana wa ndondo wenye vyeti vya kuzaliwa vya kaka zao. Wavuvi wakakaa benchi mechi tatu mfululizo, ya nne hawakuja. Mimi mwenyewe niliingiliwa kwa miguu miwili na kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu. Goti hili likipata baridi linanikumbusha.

Mdogo wangu yuko Kanada, huko watu wazima wana ligi za hoki ya barafuni. Ni mchezo wa kasi kuliko wetu, wanateleza kwa viatu vyenye ubapa wa chuma, lakini wazee wa miaka 60 wanaucheza. Nilimuuliza wanawezaje. Akaniambia: uwanjani wako watano na kipa, na kubadilishana hakuna kikomo wala hakusubiri refa. Mtu anaingia, anakimbia chini ya dakika moja, anatoka kupumua, mwenzake anaingia. Kumgonga mtu mwili kwa makusudi, kule kunakoonekana kwa wachezaji wa kulipwa, katika ligi hizi kumekatazwa. Na timu zinapangwa kwa madaraja ya uwezo, aliyejifunza mchezo ukubwani hapambanishwi na aliyekuwa nyota chuoni. Kule Santa Rosa, Marekani, mchoraji wa vibonzo Charles Schulz alianzisha mashindano ya wazee mwaka 1975, wa kuanzia miaka 40, wakigawanywa kwa umri. Yeye mwenyewe alikuwa akicheza hadi uzeeni.

Hayo hayahitaji barafu. Tuweke mabadiliko yasiyo na kikomo, tupige marufuku kumwingilia mtu kwa kuteleza, tuwe na madaraja mawili, na bahasha ife. Nasubiri michango yenu.

Kijana wa Gungu

Shikamooni wazee. Mzee wangu mleta mada, pole na goti. Ila naomba unisikilize na mimi, kwa kuwa ni mmoja wa hao mamluki.

Nina miaka 26. Nimechezea timu za hapa, ndoto ya kwenda Dar iliishia kwenye majaribio. Mechi moja ya maveterani naondoka na elfu kumi, siku nyingine kumi na tano. Kwangu hiyo ni unga na mafuta ya mawese ya siku kadhaa. Sikughushi cheti, viongozi wa timu ndio walinifuata nyumbani. Mkinifukuza bila kuwagusa wao, mtakuwa mmemwonea mdogo.

Na watu wanakuja kwa sababu mpira ni mzuri. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Simba na Yanga ilipoletwa Lake Tanganyika, Taddeo Lwanga akafunga lile bao moja la Simba, mji mzima ulihamia uwanjani. Kigoma inapenda ushindani. Mkicheza taratibu mtabaki wenyewe na watoto wenu pembeni.

Mama wa Katubuka

Kubaki na watoto pembeni kuna ubaya gani, mwanangu? Mume wangu ana presha. Daktari alimwambia atembee au acheze, angalau dakika 150 kwa wiki. Alikuwa anakwenda kwenye hiyo ligi kwa furaha. Tangu mpira uwe vita amerudi kukaa kwenye bao mpaka usiku.

Nina lingine. Desemba 2016 Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua mazoezi ya kila Jumamosi ya pili ya mwezi kwa watu wote. Watu wote! Mleta mada umetaja reli, bandari na wavuvi. Kina mama wanaoanika dagaa Kibirizi hukuwaona? Tuliomba saa moja tu ya uwanja kwa netiboli, tukajibiwa ratiba imejaa. Mkijadili pesa, jadilini na saa.

Refa mstaafu, Ujiji

Nimechezesha ligi hiyo tangu mwanzo, kwa hiyo nitasahihisha. Si kweli kwamba hapakuwa na zawadi. Msimu wa kwanza kabisa kulikuwa na mbuzi, na kamba yake niliishika mimi. Umri nao ulidanganywa tangu siku hizo. Kuna fundi alikuwa na miaka 29 tukamwacha kwa sababu alikuwa na kipara. Tusijitengenezee zamani iliyo safi kuliko ilivyokuwa.

Kuhusu kubadilishana bila kikomo naunga mkono, nimeona watu wakianguka kwa jua. Ila refa mmoja hawezi kuhesabu wanaoingia na kutoka. Mtatafuta mtu wa kusimama kwenye mstari, na huyo mtamlipa.

Mleta mada, Mwanga

Marahaba, kijana wa Gungu. Umesema kweli kuhusu viongozi. Naongeza hoja: timu itakayoleta mamluki, kiongozi wake ndiye afungiwe. Na kazi ya mstarini anayoitaja refa ipewe vijana kama wewe, kwa malipo yatakayotoka kwenye michango yetu. Najua haitafikia elfu kumi na tano, sitakudanganya.

Mama wa Katubuka, nimekosa, na nimekosa hadharani. Saa ya kwanza ya Jumamosi nitaipigania iwe yenu, hata kama mechi yetu itapungua.

Refa, mbuzi nilimsahau, nakiri. Lakini kwa kuwa kamba uliishika wewe, waambie na hawa wengine yule mbuzi alikwenda wapi. Alichinjwa palepale nyuma ya goli, wake zetu wakaleta ugali, na walioshindwa ndio waliopakuliwa kwanza. Bahasha hatujawahi kuila pamoja. Kikaoni nitaomba mbuzi arudi.