Tupeane uzoefu: Picha ya zamani ya gari ilikufichulia nini kuhusu "mwenye gari"?

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nilikuwa naskani albamu ya familia kabla picha hazijaliwa na unyevu. Ipo moja ambayo tangu utotoni tuliambiwa, "Huyu ni babu na gari lake." Babu kasimama kando ya Ford T, gari la zamani la Marekani, kavaa kepe na buti ndefu, mkono wa kushoto kauegemeza kwenye madigadi. Kidevu juu. Ungemwona usingethubutu kumuuliza kama gari ni lake.

Nilipoikuza kwenye kompyuta, mambo yakabadilika. Kucha zake zina weusi wa grisi. Kwenye kiti cha nyuma kuna glavu nyeupe za mwanamke na mwavuli uliokunjwa. Na kifundo cha mkono wake wa kulia kimekaa upande. Bibi alikuwa akisema babu alianguka mtini. Nikamtumia binamu yangu ambaye ni daktari. Akasema kwa picha tu hawezi kuapa, ila akacheka: kuna mvunjiko wa kifundo cha mkono ambao mpaka leo kwenye vitabu vya tiba unaitwa kwa jina la madereva, kwa sababu enzi za kuwasha gari kwa hendeli (chuma kinachozungushwa kwa mkono mbele ya gari), injini ilikuwa ikirudisha teke na kuvunja mfupa upande wa dole gumba.

Sasa jiulizeni, tajiri gani alipiga hendeli mwenyewe wakati ana mtu wa kumpigia? Babu alikuwa dereva. Mwenye gari huenda ndiye aliyeshika kamera, au mwenye zile glavu.

Leteni za kwenu.

FundiKimya
Mkuu, nimewahi kupiga hendeli ya Ford T ya mzee mmoja anayekusanya magari ya zamani, kwa hiyo namwelewa babu yako. Chini ya usukani upande wa kushoto kuna kishikio kidogo cha kuchelewesha cheche inayowasha mafuta. Ukisahau kukirudisha, mafuta yanalipuka pistoni ikiwa bado inapanda, na hendeli inakurudia. Mzee alinipiga kofi la mkono kwa sababu nilikumbatia hendeli kwa dole gumba. Dole gumba linakaa upande mmoja na vidole vingine, unatumia mkono wa kushoto, na unavuta kwenda juu. Husukumi chini hata siku moja.

Cadillac walileta stata ya umeme mwaka 1912. Ford T ilikuja kuipata 1919. Miaka yote hiyo katikati, mikono ya watu ndiyo ilikuwa stata.

Spoku
Ya kwetu inachekesha. Babu mkubwa na ndugu zake watatu ndani ya gari la wazi, sura kavu kama wanaenda kusaini mkataba. Kuja kuangalia, matairi hayana kivuli, na mguu wa mmoja unaonekana chini ya gari! Lilikuwa gari la ubao uliopakwa rangi. Studio nyingi zilikuwa nalo, mnapanga foleni mnapigwa picha mnaondoka kwa miguu. Shangazi hataki kusikia habari hii.

BintiWaSkana
Mimi natia rangi picha za zamani kwa kompyuta, ni kazi yangu. Makosa mawili niliyofanya msijeyarudia.

La kwanza, mteja aliniletea gari la takriban mwaka 1909, kwenye picha ni jeusi tii, nikalipaka jeusi. Kumbe sahani za kioo za kamera na filamu nyingi za wakati ule hazikuwa zinaona nyekundu. Chekundu hutoka cheusi, cha bluu hutoka cheupe, ndiyo maana hata mbingu kwenye picha hizo ni tupu kama karatasi. Na Ford T za mwanzo kabisa hazikuwa nyeusi, zilikuwepo hata nyekundu. Utaratibu wa "nyeusi tu" ulianza 1914 ukaisha 1925. Mteja alikuja na kipande cha bati walichokihifadhi, chekundu kama pilipili. Nikarudia kazi bure.

La pili, nilikuta matairi meupe nikadhani ni vumbi, nikayatia weusi. Matairi ya mwanzo kweli yalikuwa na rangi ya mpira wenyewe, na mengine yalichanganywa oksidi ya zinki yakawa meupe. Masizi ya kaboni yaliyoyafanya meusi na magumu yalikuja baadaye.

Kepe
Kwetu ugomvi ulikuwa juu ya mwaka. Baba mkubwa alishikilia picha ni ya 1910, kwa sababu hiyo yeye ndiye kichanga aliyebebwa, kwa hiyo yeye ndiye mkubwa kuliko mjomba. Taa zikamuumbua. Za 1910 zilikuwa za gesi, zikipata asetilini kutoka kwenye mtungi wa kabaidi na maji uliofungwa kwenye ubao wa kukanyagia. Ya kwetu haina mtungi, taa ni za umeme, na rejeta ni nyeusi. Ford T ilianza kuwekewa taa kubwa za umeme kwenye matoleo ya 1915, na rejeta ya shaba inayong'aa ikaondoka yalipokuja matoleo ya 1917. Kichanga kikawa mtu mwingine kabisa.

Nyongeza kwa mwanzisha mada: angalia mlango wa dereva. Ford T za wazi zilizoundwa Marekani, kwa miaka mingi, upande ule hazikuwa na mlango. Unaouona ni mstari tu uliogongwa kwenye bati. Dereva aliingilia upande wa pili.

Mwanzisha mada
Kepe, nimeangalia, ni mstari tu! Na babu kaegemea hapo hapo.

NambaYaGari
Msisahau namba. Uingereza magari yalilazimishwa kuwa na namba kuanzia 1904, na baadhi ya madaftari ya usajili bado yapo kwenye hifadhi za nyaraka. Nilisoma namba kwa kioo cha kukuzia, nikaandika barua, nikajibiwa: gari lilisajiliwa kwa jina la mwanamke mjane. Kwenye picha hayupo. Wapo wanaume watano wameweka mikono kiunoni.

BintiWaSkana
Mwanzisha mada, kama una negativu ya kioo skani kwa nukta 2400 kwa inchi, kisha kuza taa ya mbele. Zile taa zilisuguliwa mpaka zikawa vioo, mara nyingi mpiga picha yumo ndani yake.

Mwanzisha mada
Nimekuza. Yumo. Kajifunika kitambaa, kamera iko kwenye miguu mitatu. Pembeni yake kuna mwanamke, mkono mmoja tu una glavu. Nyuma yao kuna watu wamejipanga, nimehesabu kumi na mmoja, mmoja kambeba mtoto mabegani ili aone vizuri.