MJADALA: Mchoraji anayepika nipa safi ya mabibo, apewe leseni au aendelee kukimbizwa?

Mpwa wa Kitangari (mleta mada)

Habari za jioni ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, na wakubwa shikamooni. Naleta suala ambalo kwetu limegawa ukoo.

Mjomba wangu ni mchoraji. Anachora kwa rangi za makopo juu ya hadibodi, mtindo alioanzisha mzee Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, majirani zetu. Ila mashetani anayoyachora ni ya Umakondeni. Ukiyaona utamkumbuka George Lilanga wa Masasi, naye alianza kwa kuchonga kabla hajashika brashi. Picha inalipa mgeni akipita, na wageni hawapiti kila mwezi. Basi miaka nenda rudi, mabibo, yale matunda ya mkorosho, yakianza kudondoka, mjomba anaweka brashi pembeni anapika nipa, gongo yetu ya kusini.

Nimekaa naye kwenye kile kibanda tangu nikiwa mdogo. Bibo lililopasuka chini halikamuliwi. Maji yake yanakaa mpaka povu litulie, hapo ni uraka, na wengi huishia hapo hapo wakanywa. Yeye anaendelea: chungu kwenye mafiga, mrija wa shaba unapita kwenye maji baridi, moto mdogo kama wa kuchemshia maziwa. Kikombe cha kwanza kinachodondoka hanywi mtu, anamwaga nyuma ya nyumba. Cha mwisho nacho anakitenga, pale kinapoanza kunuka kitambaa kibichi. Ile ya katikati anaitikisa kwenye chupa na kutazama mapovu. Yakisimama shingoni kama shanga, anatabasamu. Tapentaini ya kuoshea brashi haivuki mlango wa kibanda hicho, na mikono anaisugua kwa ndimu na majivu kabla hajagusa chungu. Kisha kila chupa anaichorea karatasi yake kwa mkono. Hakuna chupa mbili zenye shetani mmoja.

Msimu uliopita alikamatwa. Chungu kilivunjwa, mrija ukachukuliwa, faini akailipa kwa kuuza picha nne kwa bei ya kutupa. Hajapika tena.

Mimi nasema apewe leseni. Sheria ya pombe ya moshi ya mwaka 1966 iliandikwa na utaratibu wa leseni ndani yake, ila kijijini tunachokijua ni ukurasa wa adhabu tu. Uganda mwaka 1965 walitunga sheria ya enguli, gongo yao, wapikaji wenye leseni wakawa wanauzia kiwanda, ndiko ilikotoka Waragi, ile pombe kali yao ya chupa. Goa kule India wana feni, pombe kali ya mabibo hayahaya. Mwaka 2009 ilipata ulinzi wa jina, kwamba feni ni ya Goa na si ya kwingine, na mwaka 2016 serikali yao ikaitangaza kinywaji cha urithi. Hata neno letu uraka wanalo, wao wanasema urrak, tofauti ni kwamba yao imeshapita motoni mara moja. Mkorosho wameletewa na Wareno kama sisi. Mwaka 2018 tuliona jeshi likija kubeba korosho zetu kwa shilingi 3,300 kilo. Bibo lilibaki chini ya mti likioza.

Mama wa Chuno

Salamu na shikamoo nimezipokea. Mwanangu, umeandika vizuri mpaka nimeuona moto. Lakini mimi ni Muislamu na pombe ni pombe, iwe na shetani wa rangi au isiwe naye. Na hata ukiiweka dini kando, viroba, ile pombe kali ya vifuko, vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulipumua mtaani, vijana walikuwa wanavinywa asubuhi kama chai. Mbona bibo hilohilo kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele wanafundisha watu kutengeneza juisi na jamu? Mjomba wako ana mikono, akatengeneze juisi.

Dereva wa Mingoyo

Kenya walihalalisha chang'aa, gongo yao, mwaka 2010, kwa masharti ya chupa na maonyo. Mwaka 2014 makumi ya watu wakafa kwa pombe iliyotiwa methanoli, spiriti yenye sumu. Karatasi ya leseni haizuii mtu kuchakachua. Ni hayo tu.

Binti wa Nachingwea

Naomba niseme bila kumvunjia mjomba heshima. Mama yangu alinisomesha kwa nipa. Hakuwa na mrija wa shaba, alikuwa na pipa na bomba la kuokota. Alikamatwa mara tatu, mara moja akiwa na mdogo wangu mgongoni. Hakuna aliyemwanzishia mjadala. Leo kwa sababu mtu anachora lebo nzuri, na chupa inaweza kukaa hotelini mbele ya watalii, ndipo tunagundua kwamba nipa ni urithi? Mkimpa mchoraji leseni mkamwacha mama, mmegawa watu kwa uzuri wa chupa.

Mpwa wa Kitangari (mleta mada)

Mama wa Chuno, imani yako naiheshimu na sitaibishia. Hata mjomba huwa hauzii mtu ambaye mkewe amekuja kulalamika. Juisi tulijaribu: bibo likikaa siku moja limeshaharibika, na bila jokofu haifiki sokoni.

Dereva, waliokufa Kenya waliuawa na methanoli, na hiyo haikutoka kwenye tunda, mtu aliimimina. Ndiyo maana nataka chupa ipimwe na TBS, shirika la viwango, na ijulikane imetoka kwa nani. Aliyejificha porini nani atampima?

Binti wa Nachingwea, nimesoma ulichoandika mara nyingi. Umenikamata pabaya na ni haki yako. Nilikuwa nafikiria chungu kimoja tu. Naibadilisha hoja yangu hapahapa: leseni itolewe kwa kikundi, kama AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inavyokusanya korosho. Kijiji kiwe na mtambo mmoja wa shaba, akina mama walete uraka wao, upikwe mara moja, upimwe pamoja. Bomba la kuokota likae pembeni, maana lile ndilo linaloua taratibu kwa madini ya risasi ya kwenye viungio.

Nimempigia mjomba simu jioni hii nimsomee maneno yako. Amenyamaza kidogo, akaniuliza mama yako anakamua bibo jekundu au la njano. Lebo anasema atachora za wote.

Binti wa Nachingwea

La njano. Mwambie jekundu anachanganya kidogo tu, kwa ajili ya harufu.

Dereva wa Mingoyo

Na huo mtambo wa shaba nani anaulipia?