Mwanafunzi kauliza kama "log" ya kompyuta ni gogo. Nimjibuje?

Mwalimu wa Zamu: Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha kompyuta kidato cha pili. Leo nimewaeleza kuwa mfumo huandika kila tukio: nani kaingia, saa ngapi, nini kimegoma, na kwamba kumbukumbu hizo huitwa log. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, log si gogo?" Darasa likaangua kicheko, nami nikaahidi jibu kesho. Nisaidieni.

Mzee wa Gatini: Binti yuko sahihi, ni gogo lilelile. Mabaharia wa Uingereza walipima mwendo kwa kutupa majini kipande cha ubao, walichokiita log, yaani gogo, kilichofungwa kamba yenye mafundo. Ubao unabaki nyuma, meli inasonga, kamba inafunguka, na mwenzao kashika kioo cha mchanga cha sekunde 28 hivi. Mchanga ukiisha, wanahesabu mafundo yaliyopita. Fundo hadi fundo ni kama mita 14.4, kwa hiyo mafundo matano ni maili tano za baharini kwa saa. Ndiyo maana mwendo wa meli hutajwa kwa "knots" hadi leo. William Bourne alikieleza kifaa hicho kitabuni mwaka 1574. Hesabu ziliandikwa kwenye daftari, likaitwa logbook, na humohumo wakawa wanaandika upepo, dhoruba, hata aliyefariki.

Kijana wa Seva: Na "login" ni kujiandikisha daftarini. CTSS, mfumo wa kompyuta wa chuo cha MIT cha Marekani wa miaka ya 1960, ulitumiwa na watu wengi kwa pamoja, ikabidi ujue nani yumo. Blogu nayo ni ukoo huohuo: Jorn Barger alianza kusema "weblog" mwaka 1997, Peter Merholz akalikata kwa mzaha mwaka 1999 likawa "we blog", ndipo likabaki "blog".

Wa Nairobi: Huku kwetu logbook ni hati ya umiliki wa gari, ukiitaja mtu anawaza gari na mkopo tu 😂

Mama Dau: Mbona hamjataja batli? Mabaharia wetu wanalo neno hilo, tena kwa kifaa na kwa daftari. Mwalimu, usianze na kompyuta. Chukua kamba, funga fundo kila hatua moja, watoke uwanjani. Mmoja ashike ncha asimame, mwingine atembee na bunda huku kamba ikifunguka, wa tatu ahesabu sekunde kumi. Kila raundi waandike saa, jina na mafundo. Wakirudi darasani, wafungulie log ya kompyuta waone saa na majina yalivyopangwa vilevile.