Kidonda kinachoanza kupata maambukizi: mnaangalia nini kabla ya usaha?

Nesi_Makete
Kamwene wakuu. Tupo zahanati, kipimo cha maabara cha kuotesha vimelea kutoka kwenye kidonda hatuna. Tunapokea sana majeraha ya panga na shoka kutoka mashamba ya miti, pamoja na vidonda vya muundi kwa wazee. Tulifundishwa wekundu, joto, uvimbe, maumivu, usaha. Sasa wekundu kwenye ngozi nyeusi hauonekani, na usaha ukitoka tumeshachelewa. Mnashika dalili gani mapema? Na siku ya pili baada ya kushona, uvimbe na joto ni maambukizi au ni kupona?

Tabibu_Tukuyu
Siku 3 hadi 4 za mwanzo, uvimbe kidogo, joto na maumivu ni kawaida. Fuatilia mwelekeo. Maumivu yakipungua halafu yakarudi siku ya 5 au ya 6, mgonjwa anasema panapwita na usiku hakulala, fungua bandeji hata kama siku yake haijafika. Mishono mingi inayoharibika huanza kujionyesha kati ya siku ya 5 na ya 10.

Kuna moja haisubiri siku hizo: maumivu makali kupita ukubwa wa jeraha ndani ya saa 48, rangi ya ngozi inabadilika haraka, au ukibonyeza unahisi vijipovu vinapasuka chini ya ngozi. Hiyo rufaa saa hiyo hiyo.

Wekundu achana nao. Tafuta weusi uliozidi, zambarau au kijivu, na ngozi iliyokaza mpaka inang'aa, ukilinganisha na mguu wa pili mahali pale pale. Joto pima kwa mgongo wa mkono kwenye ngozi nzima ya pembeni, bandeji ikiwa imeshatolewa kama dakika 10, maana palipofungwa pana joto lake. Baridi ya Makete hapo inakusaidia: mguu mmoja wa baridi, mwingine wa moto, umeshapata jibu.

Vidonda_Njombe
Kwa muundi wa mzee, soma nyama mpya. Nyama nzima ni nyekundu, ina punje ndogo ndogo, imeshikana, ukiipitishia gozi lenye maji haitoi damu. Ikianza kuingiliwa inakuwa nyekundu iliyofifia au iliyoiva mno, laini, inavuja damu kwa kuguswa tu, wakati mwingine inachomoza juu kuliko kingo. Angalia pia vijifuko (vishimo ndani ya nyama mpya), na ngozi inayokatiza juu ya kidonda wakati chini hakijajaa.

Halafu majimaji: bandeji iliyokuwa inakaa siku 2 sasa inalowa kabla ya jioni. Harufu inusiwe baada ya kuosha. Bandeji kuukuu inanuka hata kidonda kikiwa kizima, na wengi wanaandikiwa antibiotiki kwa kosa hilo.

Nesi_Makete
Asanteni sana. Tukitaka kupeleka sampuli hospitali ya wilaya?

Tabibu_Tukuyu
Kama hakuna dalili, usichukue. Kila kidonda kina vimelea, utaletewa jina la mdudu asiye na kosa. Dalili zikiwepo, osha kwanza kwa maji ya chumvi ya dripu, usizoe usaha wala utando. Chagua sehemu yenye nyama hai, kama sentimita 1 ya mraba, bonyeza pamba ya sampuli mpaka majimaji yatoke huku ukiizungusha sekunde 5. Ifanyike kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki.

Vidonda_Njombe
Chora kwa kalamu ukingo wa uvimbe, andika tarehe na saa. Weusi au joto likivuka sentimita 2 kutoka ukingo wa kidonda, mstari ukipanda mguuni, mtoki ukivimba kinenani au homa ikipanda, hilo limeshatoka kwenye kidonda. Anahitaji antibiotiki ya mwilini (ya kumeza au sindano) na pengine rufaa. Likiwa bado dogo: osha, toa nyama iliyokufa, achia uzi 1 au 2 palipovimba ili pachuruzike. Unga wa kapsuli msinyunyizie, unagandamana juu na kufunika uchafu.

Wa kisukari usimngojee alalamike maumivu, miguu yake mara nyingi haihisi. Kwake dalili 2 zinatosha kusema kuna maambukizi, na sukari iliyopanda bila sababu ichukulie kama onyo. Pia uliza chanjo ya pepopunda, hasa majeraha ya shambani.